Kuoshwa kwa Bi Tatu

Rafiki yangu Somoe akiona mtu anaguswa, naye huhisi mguso uleule mwilini mwake. Ndivyo alivyozaliwa. Mtoto akichapwa mbele yake, yeye huugua kwa maumivu.

Majuzi alipeleka sanda Mpapura, kwenye msiba wa shangazi yake, Bi Tatu, akaombwa asaidie kuosha. Chumba kilikuwa kiza, maji yakichuruzika sakafuni. Kila walipommwagia marehemu, Somoe alisikia baridi kifuani.

Wanawake wakageuka kukunjua sanda. Somoe, akimtazama shangazi yake, akahisi amekamatwa mkono.

"Nani bado anamshika?"

"Hakuna, mwanangu. Sote tuko huku."

Akautazama mkono wa marehemu. Ngozi ilikuwa inabonyea taratibu, kama inayobanwa na kidole kimoja, halafu cha pili, halafu cha tatu.