Mgeni wa Bwana Bima

Ndege tatu zilikuwa zimetua kwa mpigo, na ukumbi wa uwanja ukajaa watu na mizigo hadi milangoni. Mikokoteni iligongana, watoto walilia, na kila aliyegongewa muhuri wa pasipoti alikuja moja kwa moja kwenye kaunta ya magari ya kukodi kana kwamba yanagawiwa bure. Nyuma ya kaunta alisimama karani wa miaka thelathini na mbili, shati jeupe limenyooka kwa pasi, tai ya buluu ya kampuni, na tabasamu alilofundishwa kwenye semina ya siku tatu. Sauti yake ya upole hakufundishwa na mtu, alizaliwa nayo. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwanamke aliyefika mbele yake alikuwa bado kavaa koti zito la nchi za baridi, jasho linamtiririka shingoni, nywele kazifunga kwa kitambaa cha rangi ya machungwa, na viatu kavishika mkononi.

"Usinishangae, kaka. Miguu imevimba, viatu vimegoma."

"Sishangai. Karibu nyumbani."

"Umejuaje ni nyumbani?"

"Mgeni wa kweli havui viatu uwanjani."

Mwanamke alicheka kicheko kikubwa, hadi mzee wa nyuma yake kwenye foleni akacheka bila kujua sababu. Karani akajikuta anacheka pia, na safari hii si lile tabasamu la semina. Mwanamke akasema anataka gari dogo, la bei ya chini kuliko yote, wiki sita. Mama yake kapasuliwa goti, na mara tatu kwa wiki anatakiwa kliniki ya mazoezi. Kisha akatoa karatasi kwenye pochi.

"Na hii ni bima niliyoinunua huko ninakoishi kabla sijapanda ndege. Mwezi mzima nimeitafuta kwenye mtandao, bei yake haifiki robo ya hiyo yenu. Hebu nisomee, inatosha? Kazi yangu ni kusaga vioo vya miwani ili watu wasome maandishi madogo, lakini haya yamenishinda mwenyewe."

Karani akasoma. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Kila gari la kukodi lina bima ya kawaida, lakini likikwaruzwa au kugongwa, sehemu ya kwanza ya gharama humwangukia mteja. Kampuni iliuza bima ya ziada ya kumwondolea mteja mzigo huo, na iliiuza ghali kwelikweli. Karatasi ya mwanamke ilifanya kazi ileile: angelipa kwanza hasara yenyewe, kisha bima yake ingemrudishia yote. Nchi hii ilitajwa, ukurasa wa pili, mstari wa nne. Ilitosha na kubaki.

Lakini nyuma ya kiti chake kulikuwa na ubao wa majina, nani kauza bima ngapi, na jina lake lilikuwa la mwisho mwezi wa pili mfululizo. Meneja alikuwa amesimama pale pale na kikombe chake cha chai, masikio wazi. Semina iliwapa neno la kusema mgeni akija na karatasi ya namna hiyo.

"Hii sisi hatuitambui, dada."

"Yaani haitanisaidia kitu?"

Hapo alikuwa na nafasi. Aliiona kabisa, akaiacha ipite.

"Haitakusaidia," alisema kwa ile sauti yake.

Mwanamke akaikunja karatasi taratibu. "Basi ahsante kwa kuniambia ukweli. Mwingine angeniacha nikaumie barabarani." Akapiga hesabu kwenye simu yake, akaguna, akapiga tena. Pamoja na bima ya ziada, pesa za wiki sita zilitosha siku kumi na mbili tu. "Niandikie hizo kumi na mbili. Zilizobaki nitajua mbele ya safari."

Jina la karani lilipanda ngazi mbili ubaoni, na meneja akampiga piga bega.

Gari lilirudishwa siku ya mapumziko ya karani, halina hata mkwaruzo. Akajiambia mambo yameisha, amsahau. Hakumsahau. Wiki moja baadaye alikuwa anakwenda kazini na kigari chake kikuukuu, akamwona kituo cha basi, kavaa gauni jepesi la kijani, kamshika mama mnene mwenye fimbo. Basi lilikuwa limesimama. Mama aliinua mguu hadi kwenye ngazi, ukamshinda. Akainua tena, ukamshinda. Mara ya tatu kondakta akamvuta mkono kama gunia, na mama akafunga macho kwa maumivu bila kutoa sauti. Karani aliona yote hayo kupitia kioo cha mbele, na uso ulimwaka moto kana kwamba abiria wote wanajua ni nani aliyempandisha mama yule basi.

Akasimamisha gari mbele ya basi, akashuka mbiombio.

"Mama, shuka tafadhali. Mimi nitawapeleka."

"Ala! Mtu wangu wa uwanjani!" mwanamke akashangaa. "Mama, huyu ndiye niliyekuambia."

Tangu siku hiyo aliwapeleka kliniki mara tatu kwa wiki kabla ya zamu yake kuanza. Mlango wa abiria wa gari lake ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo kila mara alizunguka kumfungulia mama, na mama, mwalimu mstaafu, akamsifu kwa adabu. Alipoulizwa bei alisema hakuna bei. Alipoulizwa kwa nini, alisema anapenda tu, na hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa anampenda yule mwanamke kwa kicheko chake, kwa vidole vyake vyenye makovu madogo ya vioo, na kwa namna alivyoongea na kila mtu kama jirani yake. Simu zikaanza, pamoja na majina ya utani.

"Bwana Bima, umeamka?"

"Nimeamka, Mgeni wangu. Nilikuwa nakuwaza."

"Mwongo wewe, sauti yako ina usingizi."

Neno hilo, mwongo, lilimkata maini kila lilipotajwa, hata kwa utani. "Kweli nakuwaza," alijitetea.

"Unaniwaza au unawaza mandazi ya mama?"

"Vyote. Ila mandazi hayanipigii simu."

Alicheka upande wa pili hadi akakohoa. Jumapili moja akamwalika nyumbani, na shangazi wawili wakaja kumkagua kuanzia kola hadi soksi. Mwanamke akamshika mkono mbele yao. "Shangazi zangu, uwanja mzima ule, huyu peke yake ndiye aliyeniambia ukweli. Angeweza kuninyamazia." Shangazi wakaitikia kwa sifa. Karani akainamia kikombe cha chai, masikio yanamwaka.

Mara tatu alijaribu kusema. Ya kwanza simu ilikatika. Ya pili mama alikuwa kwenye gari. Ya tatu walikuwa wawili tu, wamekaa ukutani nje ya kliniki, akafungua kinywa kusema jambo lile, badala yake yakatoka mengine: "Nataka kukuoa." Alilisema kwa moyo wote, na papo hapo akajiona mwoga kuliko waoga wote.

Mwanamke akatabasamu akitazama chini. "Mdogo wangu anakuja wiki ijayo. Acha aje akuone, nitakupa jibu. Atapitia kaunta yako, nimemwambia asiongee na mtu mwingine."

Mdogo mtu akaja kweli, suruali pana, miwani kubwa ya jua, na sauti ya kusikika hadi mlango wa pili. "Shemeji! Ndiye wewe? Mrefu kuliko picha!" Akambandikia karatasi kaunta. Karani aliitambua hata kabla hajaisoma. Bima ileile, kampuni ileile, ukurasa wa pili, mstari wa nne.

"Niliinunua siku moja na dada," mdogo mtu alisema. "Amenieleza kuwa hamuitambui, lakini akasema nikuulize, labda mambo yamebadilika. Inatosha au haitoshi?"

Meneja akakohoa nyuma. Akisema haitoshi, amemwibia na huyu, ndugu wa damu wa yule anayemtaka. Akisema inatosha, kila kitu kinakwisha hapo hapo kwenye kaunta.

"Inatosha."

"Safi!" Mdogo mtu alikwisha piga simu, kaiweka sauti ya juu. "Dada, nimefika! Shemeji anasema inatosha!"

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka, ndogo, ya kawaida kabisa. "Muulize imebadilika lini."

"Shemeji, dada anauliza imebadilika lini."

"Haijabadilika," karani akasema, akiisogelea simu asije akajificha. "Hata siku ile ilikuwa inatosha. Nilijua."

Simu ikakatwa. Mdogo mtu akavua miwani polepole, akamtazama mtu aliyekuwa shemeji yake dakika moja iliyopita. Meneja akasema, "Ukimaliza hapo, njoo ofisini." Ofisini hakukaa sana. Alivuliwa tai, akapelekwa uani kukagua matairi ya magari yanayorudi, na alilipokea hilo bila kubisha.

Simu kumi na moja alizopiga hazikupokelewa. Kesho yake, saa tisa alasiri, akaenda nyumbani kwao. Alizunguka mtaa ule mara mbili kabla ya kubisha. Mama alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli. Mwanamke alisimama dirishani, mgongo kwake, na hakugeuka.

"Kaa," mama akasema.

"Nitasimama tu, mama."

"Nimesema kaa. Sitaki kuinua shingo."

Akakaa. Akaeleza yote, tangu ubao wa majina hadi neno la mwisho, bila kumsingizia meneja na bila kujipunguzia.

"Kwa hiyo wiki ile niliyopanda basi na goti hili," mama akauliza, "gari lingekuwepo."

"Lingekuwepo, mama."

"Na kila uliponifungulia mlango ulikuwa unalijua hilo."

"Nilikuwa nalijua."

Alitamani mama ampige na ile fimbo. Aibu ilimjaa hadi machoni, na uso hakuwa na pa kuupeleka, kwa sababu kila alipotazama, mmoja wao alikuwepo.

Hapo mwanamke akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Pesa sizitaki, usije ukazitaja. Unajua kinachoniuma? Nilikusifu. Nimekusifu kwa shangazi, kwa mdogo wangu, hadi kwa wenzangu kazini ambao hawatakuona maishani. Wiki zote hizi natembea nakutangazia uongo wako, nawe unakunywa chai!"

"Nilijaribu kusema..."

"Ukasema unataka kunioa!"

Mwanamke akaondoka dirishani, akamsogelea.

"Na wengine? Wangapi umewaambia karatasi zao hazifai?"

"Sikuwahesabu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuwahesabu."

Mwanamke akaonyesha mlango kwa kidole. Karani akainuka, na akawa amekwisha shika kitasa mama aliposema, "Kesho kliniki ni saa mbili."

"Mama! Gari la mdogo wangu lipo!"

"Lipo, naliona hapo nje. Mimi namtaka huyu. Miaka thelathini na minne nimefundisha, na mtoto aliyekiri mwenyewe sijamfukuza darasani hata mmoja. Aje aione aibu yake hapa mbele yangu. Akienda kujifungia nayo huko kwake, ataizoea."

Karani alifika saa moja na nusu. Akazunguka, akamfungulia mama, akamshika mkono. Mwanamke alikaa kiti cha nyuma, gauni lake la kijani, kitambaa cha machungwa, anatazama nje. Kwenye kioo cha kati macho yao yalikutana mara moja, na karani ndiye aliyeyakwepa.

Kwenye mapokezi ya kliniki kulikuwa na nesi mpya, fomu mpya, na kalamu inayokwaruza. Aliandika jina la mgonjwa, umri wake na mguu unaouma. Akamtazama karani aliyesimama kando na mkoba wa mama begani.

"Na wewe uliyemleta, ni nani wao?"

Karani akatazama sakafu. Alijua hana haki ya neno lolote kubwa. "Andika dereva," akasema.

Nesi akaandika. Mama akajikohoza. Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kaifumbata. Halafu akapiga hatua hadi kwenye meza, akaweka kidole juu ya fomu.

"Hapo futa. Andika mchumba."

Nesi akainua macho. "Mchumba wa nani?"

"Wangu. Nimemkasirikia sana, lakini hilo usiliandike."