Macho Yaliyotangulia

Haya yalimpata rafiki yangu Nunzia, hapa hapa Sirakusa. Mama yake alipopofuka, Nunzia alimwendea sonara akafuliwa macho mawili ya fedha, akayapeleka mchana kanisani kwa Mtakatifu Lusia, yule bikira shahidi aliyeng'olewa macho.

Mzee Cosimo, mtunza kanisa, alimzuia. "Binti, haya huletwa mtu akishapona. Ni ya kushukuru."

"Basi mimi nimetangulia kushukuru, mzee."

Akayatundika nyuma ya altare, penye giza. Alipoondoka alisikia kisogoni tik, tik, kama kope za chuma zikifumba na kufumbua. Hakugeuka. Cosimo akafunga mlango kwa ufunguo.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni, jua limemjaa usoni.

"Mbona umeniacha gizani, mwanangu?"

"Mama, unaona?"

"Naona mishumaa. Nimekuona ukienda zako, nimekuita hukugeuka. Cosimo naye kafunga." Mama akaanza kurudi nyuma na kiti chake, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. "Kuna msichana anakuja huku, anapapasa ukuta. Nunzia, penye macho ana matundu tu. Ameninyooshea mkono."