Shokapu ya Nne

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alivaa ovaroli aliyoikunja mikono mara tatu, akamfuata mama yake gereji. Jina hilo alipewa kwa sababu ya maneno yake mengi. Hata akiwa chini ya gari, mdomo wake haukupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa magari, na wateja walimwamini kabisa.

Jumamosi moja mkunga wa zahanati alileta gari lake kubwa la barabara mbovu, kuukuu lakini lenye nguvu.

"Dada, gari hili linarusha watu kama punda mkorofi," alilalamika. "Wajawazito ninaowabeba wanafika hoi."

Mama alipima matairi, akapunguza upepo uliozidi. Kisha akamgeukia binti yake. "Ingia uvunguni na tochi. Kagua shokapu zote nne, zile bomba zinazotuliza springi. Ukiona oili imevuja, niambie."

Chiriku alikagua tatu, zilikuwa kavu. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikuwa imegandwa na tope. Ilibidi ikwanguliwe, na wenzake walikuwa wakimwita kwenye mpira wa pete.

"Zote nzima, Mama!" alisema, akatoka mbio.

Mama akatafuta ugonjwa kwingine. Alikuta bushi, zile raba za kwenye viungo, zimechakaa kidogo, akashinda kutwa nzima akizibadilisha.

Jumatatu jioni, Chiriku akiwa amepitia gereji kutoka shule, mkunga alirudi, uso umemsawijika. "Jana nilimbeba mama mwenye uchungu. Kila shimo alipiga kelele. Nilisimama njiani mara tatu, roho mkononi. Bahati nzuri alijifungua salama."

Mama aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Kosa ni langu. Labda siku hizi macho yangu yamechoka."

Masikio ya Chiriku yaliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuna aliyejua, angeweza kunyamaza. Lakini kumwona mama yake akiomba radhi kwa kosa lisilo lake kulimchoma kuliko kofi.

"Mama," alisema, "si macho yako. Ni mimi. Ile ya nne sikuikagua."

Mama hakumkaripia. Alikandamiza pembe tatu za gari, moja baada ya nyingine. Kila moja ilipanda mara moja ikatulia. Alipoiachia ile ya nyuma kushoto, ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka. Akampa Chiriku bisibisi. Chiriku alikwangua tope huku machozi yakimlenga. Chini yake, shokapu ilikuwa imelowa oili chapachapa.

Walibadilisha shokapu zote mbili za nyuma, kwa kuwa hubadilishwa kwa jozi. Kisha mkunga aliendesha gari, Chiriku akiwa kiti cha nyuma, pale wanapokaa wagonjwa. Safari hii mashimo yalipita kwa mtikisiko mdogo tu.

"Nisamehe, Mama Mkunga," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimekusamehe, mwanangu. Umesema mwenyewe."

Waliporudi, Mama alimshika bega. "Ungeniambia, 'Ya nne sijaiona,' ningeikagua mwenyewe, nawe ungekwenda kucheza. Hilo si kosa. Lakini uliposema 'nzima', mimi nililiegemea neno lako. Na yule mama mwenye uchungu aliliegemea pia, bila hata kukujua. Usiseme umeona kitu ambacho hukukiangalia."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Kisha akachukua tochi, akaingia tena uvunguni kukagua shokapu zote nne, moja baada ya nyingine.