Kwaresima ya Leodgar

"Mama Leodgar, mwanao amefunga, au hali tu?"

Jirani yangu Zamda aliniuliza hivyo tukichambua kisamvu uani kwangu, hapa Igalula.

"Ni Kwaresima," nikamjibu. "Mlidhani mnafunga ninyi peke yenu?"

Alicheka, kisha akaacha. "Mie nafunga tangu utotoni, dada. Aliyefunga anaingoja futari. Jua likizama anauliza uji uko wapi. Mwanao jua linazama, sahani yake imefunikwa mpaka asubuhi."

Leodgar ni mwanangu wa pekee. Kazi yake ni kurina asali. Mwaka jana moto wa msituni uliteketeza mizinga yake, na tangu hapo hakuwa na raha. Kwaresima ilipoanza, akazidi kunyamaza. Halali usiku, hatoki, anashinda chumbani na rozari mkononi. Mzee Kasimiri, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alimsifu mbele ya watu: "Kijana huyu ametuacha mbali kwa toba." Na mama gani hafurahi mwanawe akisifiwa?

"Jana alimpa mume wangu baiskeli na ndoo zake za asali," Zamda akaendelea. "Nikamuuliza, na wewe utafanyia nini kazi? Akasema, sitavihitaji tena."

"Si sadaka hiyo?"

"Sadaka gani, mtu kutoa jembe lake?"

Nikaacha kisamvu palepale. Nikamtuma Zamda akamwite Wenceslaus, mhudumu wa afya wa kijiji. Mimi nikaenda kukaa na mwanangu.

Wenceslaus alikuja, akaketi mkekani karibu naye.

"Shikamoo, kaka," Leodgar akasema, bila kuinua uso.

"Marahaba, mdogo wangu. Nakuuliza jambo, na sitakukasirikia. Umewahi kufikiria kujiua?"

Nikamvuta Wenceslaus shati. "We! Usimtajie!"

"Mama, kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema."

Leodgar akatazama sakafu. Kisha akasema, "Kila siku. Namwomba Mungu anichukue mwenyewe, nisije nikatenda dhambi."

Wenceslaus hakumkemea. Alimshika bega. "Asante kwa kuniambia. Huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Unatibika."

Akanigeukia. "Mama, mtu akikosa usingizi, asipokula, akijitenga, akaacha kazi aliyoipenda, na hali hiyo ikapita wiki mbili, mpeleke akaonwe. Lakini akitamani kufa, au akianza kugawa vitu vyake kama anayeaga, hakuna kusubiri. Ni leo hii, na asiachwe peke yake."

"Na sala?"

"Sali, mama. Ila sali tukiwa garini, njiani kwenda hospitali."

Tukaondoka saa ileile kwenda hospitali mjini Tabora, Zamda naye amekumbatia chupa ya uji. Daktari Kashindye alimsikiliza Leodgar bila haraka. Akampa dawa, akampangia siku za kuja kuzungumza naye.

"Rozari endelea nayo," akamwambia. "Kufunga acha kwa sasa. Na dawa usiziache mpaka mimi niseme."

Padre wetu naye akasema vivyo hivyo: mgonjwa hadaiwi mfungo.

Haikuwa kazi nyepesi. Wiki za kwanza nilitandika mkeka mlangoni kwake. Zamda alikuja kukaa naye nikienda shamba. Kisha asubuhi moja Leodgar akaita, "Mama, uji huu hauna sukari!" Nikaenda kulia jikoni.

Msimu wa asali ulipofika, jumuiya ilikuja kusali kwetu asubuhi. Baada ya sala, Mzee Kasimiri akaviona vidonge mezani.

"Bado unameza hivi? Si Mungu ameshakuponya?"

Nilifungua mdomo, Leodgar akaniwahi. "Mzee wangu, dawa yako ya presha umemeza leo?"

"Nimemeza."

"Na kusali?"

"Nimesali hapa hapa, umeniona!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kasimiri akajikuna kidevu, naye akacheka. "Haya, meza, mwanangu. Meza."

Leodgar akameza kidonge. Akanywa uji wote, akafuta mdomo. Nje, baiskeli yake, aliyorudishiwa na mume wa Zamda, ilikuwa imeegemea ukuta. Akachukua ndoo zake mbili za asali, akazifunga kwenye baiskeli, akaelekea msituni kurina mizinga yake mipya.