Hesabu ya Vidoa vya Zambarau

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na sakafu kukauka, Kipanga aliifuta meza ya sebuleni mpaka ikang'aa, akachonga penseli nyekundu, akamngoja shangazi yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na mitatu aliweza kuiona sindano iliyoanguka mkekani kabla mwenyewe hajajua kuwa imemponyoka.

Shangazi alikuwa fundi wa maabara katika hospitali kubwa. Safari hii alileta bahasha yenye picha arobaini. Kila picha ilikuwa na namba yake na ilionyesha kisahani kimoja chenye vidoa vya zambarau, na kila kidoa kilikuwa kundi la seli za saratani zilizozaana. Kipanga alivihesabu, akitia nukta nyekundu juu ya kila kimoja asije akakirudia.

"Shangazi, mbona huhesabu mwenyewe? Au macho yamezeeka?" aliuliza.

"Mzee nani hapa, we mtoto?" Shangazi alicheka, kisha akatulia. "Sikiliza. Seli zina vipokezi, mithili ya masikio. Kila kimoja hungoja ujumbe wake kutoka mwilini. Kuna kimoja ambacho bado hatujui kinangoja ujumbe gani, ndiyo maana wataalamu wanakiita kipokezi yatima. Jeni ni maelekezo ya kukitengeneza. Katika seli hizi za saratani, jeni hiyo inafanya kazi kupita kiasi. Je, tukiizima, seli zitapunguza kuzaana? Katika nusu ya visahani nimeizima, katika nusu nimeiacha. Mimi najua kipi ni kipi, kwa hiyo sifai kuhesabu. Moyo ukilitaka jibu, jicho hulitafuta. Wewe hujui, ndiyo maana unafaa."

Kipanga alilitaka jibu hilo kuliko mtu yeyote. Katika chumba cha pili alilala Bibi, mwenye saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, alikwenda kuchomwa dawa iliyomtapisha na kumnyonyoa kichwa chote. "Nywele zimekwenda likizo," Bibi alizoea kusema. "Zikichoka kutembea zitarudi."

Jumamosi hiyo Kipanga alikuwa amemaliza picha ishirini. Shangazi alikuwa akimwogesha Bibi. Penseli ilivunjika ncha, naye akafungua mkoba wa Shangazi kutafuta kichongeo. Akakutana na karatasi ya namba iliyoandikwa juu: *Visahani vilivyozimwa jeni*. Alijua kabisa kuwa haimhusu. Akaisoma.

Picha iliyofuata ilikuwa miongoni mwa zile zilizozimwa. Pembeni palikuwa na vidoa vidogo kama ufuta. Vya namna hiyo alivihesabu tangu asubuhi, lakini sasa alisita. "Hivi ni vumbi," alijiambia, akaviruka. Picha iliyoifuata haikuwamo kwenye orodha. Ufuta ulikuwepo vilevile, naye akauhesabu wote. Hivyo ndivyo alivyokwenda mpaka picha ya mwisho. Hakujiona mwongo. Alijiona anamwombea Bibi.

Alhamisi Shangazi alirudi kutoka kazini akicheka peke yake. "Nusu! Jeni ikizimwa, vidoa vinapungua karibu nusu! Daktari wetu hajaamini macho yake."

Bibi aliinuka kitandani. "Nusu? Basi Jumatatu siendi kuchomwa. Nimetapika mpaka nyongo. Nitaingoja dawa yenu hiyo."

"Mama, hiyo si dawa. Ni seli kwenye visahani. Kutoka hapo hadi kwenye dawa ni miaka mingi, na tafiti nyingine hazifiki kabisa."

"Mwenyewe umesema nusu. Nimechoka, mwanangu. Siendi." Akageukia ukutani.

Ijumaa walimbembeleza, Jumamosi wakamsihi. Bibi alikuwa jiwe. Kipanga aliiona Jumatatu ikija. Jumapili mchana alisimama mlangoni mwa chumba kile, Shangazi akiwa ndani na Bibi.

"Bibi, si nusu. Niliiona orodha ya Shangazi. Vingine niliviruka makusudi. Nilisema ni vumbi."

Shangazi aliketi pembeni mwa kitanda. "Kazi ya miezi mitatu," alisema kwa sauti ndogo. "Na Daktari ameshawaandikia wenzake." Hakufoka, na heri angefoka.

Bibi aligeuka polepole. "Kwa hiyo nilikuwa nakaa hapa kungoja vumbi?"

"Nisamehe, Bibi." Machozi yalimtoka.

Bibi alijiinua, akaketi kitandani. "Nitolee viatu vyangu," akasema. "Kesho nakwenda."

Jumatatu, Bibi akiwa amelazwa na mrija wa dawa mkononi, Shangazi alimpeleka Kipanga kwa Daktari. Msichana alisimulia yote bila kupunguza. Daktari alivua miwani, akaandika barua nyingine kwa wenzake siku ileile. Picha zilichapwa upya, wakapewa wanafunzi wawili wa uuguzi ambao hawakuijua orodha. Kipanga aliondolewa kwenye kazi hiyo. Ilimuuma, lakini hakunung'unika.

Baada ya wiki mbili Shangazi alileta jibu. "Vinapungua kweli, ila ni sehemu moja tu kati ya tano. Njia ipo, lakini ni ndefu."

"Kidogo cha kweli nakipokea kwa mikono miwili," Bibi alisema. Akamvuta mjukuu wake karibu. "Ulinipenda, sikatai. Lakini maradhi hayajui mapenzi yetu. Uongo wako mtamu ungenizika. Anayenipenda na anihesabie sawasawa, hata hesabu ikiniuma. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, nitazamie kadi ya hospitali. Sindano ngapi zimebaki?"

Kipanga alitamani ziwe mbili. Aliisogeza kadi kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Tano, Bibi."

"Basi tutakwenda mara tano."