Shati Lililokauka Bila Chumvi

Maiti ilikuwa imeinama kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Kichwa kilikuwa majini mpaka masikioni. Kiwiliwili kilikuwa nje na magoti yamezama kwenye tope. Ng'ombe wa Saruni walisimama mbali wakipiga kwato, wala hata mmoja hakusogea kunywa.

Marehemu alikuwa Kaleb, mkaguzi wa ofisi ya udhibiti wa huduma za maji. Alikuwa amefika Kwemisufi, kitongoji cha ndani huko Mazingara, wilayani Handeni, kukagua kisima kirefu cha pampu ambacho ndicho maji pekee ya watu wa pale. Koplo Sabiri, aliyekuwa wa kwanza kufika kutoka Mkata, alizamisha mikono yote miwili birikani kumnyanyua, sweta lake la kazi likalowa mpaka kwapani. Kabla sweta halijakauka, alikuwa ameshampata muuaji.

Tusimlaumu sana, maana muuaji alijileta mwenyewe. Jana yake Kaleb aliwaambia watu pale pampuni kwamba huenda kisima kikafungwa, na kwamba sababu angeitaja kesho yake mkutanoni, wote wakiwepo. Watu wakanung'unika. Wengine walisema ofisi ya udhibiti imetumwa na tajiri anayeyataka maji. Saruni, mfugaji wa Kimasai, alinyoosha fimbo yake mbele za watu akasema, "Ukifunga maji haya, tutakuzika wewe kabla hatujazika ng'ombe wetu." Kulipokucha, ni yeye huyo aliyekuja kuripoti kwamba ameiona maiti. Sabiri akamfunga pingu.

Inspekta Getruda Shemweta aliletwa kutoka Korogwe. Alikuwa Mshambaa wa maneno machache, mwanamke anayemshuku hata muuza karanga anayezidisha kipimo. Alilizunguka birika, akaitazama picha ya marehemu kwenye kitambulisho, akauliza swali moja tu.

"Miwani yake iko wapi?"

Sabiri aliangalia birikani, akapapasa topeni. Miwani haikuwepo. Akasema labda imechukuliwa na mpita njia.

"Mpita njia gani anaacha simu mfukoni anachukua miwani?" Getruda akasema, akaagiza maiti ipelekwe hospitali.

Saruni alihojiwa mahabusu. Alikaa wima, macho yake yakimtazama inspekta bila kupepesa.

"Ulisema utamzika."

"Nilisema."

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Bomani. Nilikuwa nakamua na mke wangu."

"Mke si shahidi. Nani mwingine?"

"Ng'ombe." Akaongeza, "Afande, mfugaji akiua mtu, anamtupa kwenye maji ya ng'ombe wake? Maji yaliyolala maiti sisi hatunyweshi mifugo. Mpaka birika lioshwe na wazee waje. Wangu hawajanywa tangu juzi. Mimi nijifungie maji mwenyewe?"

Neno hilo lilimwingia Getruda, lakini hakulimeza lote. Muuaji mwerevu angesema hivyo hivyo.

Alikwenda bomani kuhakikisha. Namunyak, mke wa Saruni, alimkaribisha kwa chai ya maziwa na akamweleza kwa sauti ya chini kwamba wakulima wa jirani wameapa kwamba aliyetia maiti kwenye maji yao hatakaa nao: Saruni akirudi, boma litachomwa moto. Vijana wa Kimasai nao walikuwa wameanza kukusanyika kwa ndugu zao, na kila mmoja alikuwa na sime. Getruda alielewa kwamba akikosea mtu, au akichelewa, Mazingara ingezika wengi. Alinyanyua kikombe akanywa. Chai ilikuwa na chumvi, maziwa yamekatika.

"Ndiyo maji yetu," Namunyak akasema bila kuomba radhi. "Hata nguo ukifua, ikikauka inabaki nyeupe."

Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wakimcheka polisi wa kike. Meno yao yalikuwa ya kahawia, kama ya wazee watafuna tumbaku. Getruda aliwatazama, kisha akatazama pembeni.

Daktari wa Korogwe alikuta alama za vidole nyuma ya shingo ya marehemu. Kaleb alishikwa akazamishwa, akafa maji mnamo magharibi. Getruda aliipigia simu ofisi ya udhibiti, na huko akaelezwa siri ya mkutano ambao haukufanyika. Maji ya Kwemisufi yalikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi. Meno ya mtoto anayekua huharibika kwanza, na akiendelea kuyanywa hata mifupa hupinda. Kaleb hakutumwa na tajiri yeyote. Alitaka kisima kifungwe, na wakati ofisi ikitafuta chanzo kingine, watu waletewe maji kwa gari.

Basi kila aliyekitegemea kisima angeweza kumchukia. Yaani kitongoji kizima. Getruda alirudi kituoni Handeni kichwa kikimuuma.

Kituoni, shati la marehemu lilikuwa limetundikwa kwenye chumba cha vielelezo. Ushahidi uliolowa haufungwi ukiwa mbichi, utaoza, hivyo huachwa ukauke kwanza. Lilikuwa shati la bluu nzito. Sabiri alikuwa pembeni akilalamika kwamba sweta lake limeharibika, mabaka meupe kuanzia ncha za mikono mpaka kwapani, na amelisugua hayatoki.

Getruda alilitazama sweta. Akalitazama shati.

"Ulipomtoa, shati lilikuwa limelowa?"

"Limelowa chepechepe, afande. Mabegani, kifuani, mpaka kiunoni."

"Lina doa jeupe wapi?"

Sabiri alilisogelea. Kwenye ukosi, sehemu iliyogusa maji ya birika, palikuwa na mstari mweupe. Kwingine kote shati lilikuwa safi.

"Huyu mtu hakufia birikani," Getruda akasema. "Alizamishwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, halafu akaletwa birikani kichwa tu kikatumbukizwa. Kuna mtu alitaka mfugaji abebe msalaba. Sasa niambie, Kwemisufi nani ana maji yasiyo na chumvi?"

Sabiri alikuna kichwa. Mto hakuna, lambo lilikauka. Kila nyumba inachota kwenye kisima kile kile.

"Basi kuna nyumba inadanganya."

Walianzia kwa mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, Mzee Mhina. Huyu ndiye aliyewahangaikia wafadhili miaka ile mpaka pampu ikaja, na hata leo watu hawasemi kisima cha kitongoji, wanasema kisima cha Mhina. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka pampuni. Getruda alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, mwanangu, akawapa viti barazani. Alisikitika kwa maneno mazuri. Alisema Saruni si mbaya, ni hasira tu, na kwamba yeye mwenyewe atawatuliza wakulima.

Getruda alikuwa akisikiliza huku akiangalia bati. Mfereji wa maji ya mvua ulishuka ukutani, lakini hakukuwa na pipa chini yake. Mwisho wake ulizama ardhini, na pembeni palikuwa na lundo la mabua ya mahindi na toroli lililopinduliwa.

"Kaleb alifika hapa jioni ile?"

"Hakufika."

"Mfereji huu unapeleka maji wapi?"

"Kwenye migomba yangu, huko nyuma."

"Na hapa nyumbani mnakunywa maji gani?"

Mzee Mhina alicheka kidogo. "Hayo hayo ya watu. Mimi ndiye mwenyekiti. Ninywe mengine, nitawatazamaje?"

Wakati huo Mwaija, mke wa mwanawe, alitoka na sinia. Hakuna mtu aliyekuwa amemwonya jambo lolote. Kwa watu wale mgeni hupewa kilicho bora ndani, hata kama wenyeji watalala na uji. Aliweka vikombe kwa adabu, akapiga goti, akaondoka.

Getruda alionja. Chai ya maziwa, laini, tamu, maziwa hayakukatika. Akaonja tena ili asimwonee mtu.

"Mwaija, mama," akamwita. "Chai yako nzuri. Umepikia maji gani?"

Mwaija aligeuka, akamwangalia baba mkwe wake, kisha inspekta. Hakuelewa kwa nini mzee amefumba macho.

"Ya humu ndani," akasema polepole. "Mgeni nimpe chai ya chumvi, baba?"

Mjukuu wa mzee, Yusra, alikuwa akiruka kamba uani, akacheka kamba ilipomnasa. Meno yake yalikuwa meupe kabisa. Getruda aliweka kikombe chini.

"Wewe mtoto, hunywi maji ya pampuni?"

"Sinywi," mtoto akajibu. "Babu anasema ya pampuni ni ya watu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mzee Mhina iliishia hapo. Sabiri aliondoa mabua kwa mguu. Chini yake palikuwa na mfuniko wa zege, na chini ya mfuniko kisima cha kujengea cha maji ya mvua, kimejaa, baridi, angavu. Walimulika kwa tochi. Kwenye sakafu ya kisima, miwani ya Kaleb ilikuwa imetulia kama iliyowekwa juu ya meza.

"Sasa tuseme ukweli, mzee," Getruda akasema. Sauti yake haikupanda.

Mzee Mhina alivua kofia akaishika mapajani. Alisema Kaleb alikuja kabla ya magharibi, watu wakienda msikitini na Mwaija akiwa amekwenda na mtoto kwao. Alikuja kwa heshima, kumwambia mwenyekiti kwanza kabla ya mkutano. Akaomba maji ya kunywa.

"Nikampa ya humu," mzee akasema. "Mgeni ni mgeni. Akanywa, akaniangalia. Akanyanyuka akaufuata mfereji mpaka kwenye mfuniko, akaufungua mwenyewe."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza, mzee, mjukuu wako ana meno ya rangi gani?"

"Ulikuwa unajua."

"Mjukuu wangu wa kwanza, kaka yake Yusra, meno yalipoota yakaja ya kahawia. Nikampeleka mjini kwa mganga wa meno. Akaniambia ni maji. Nikarudi nikachimba hiki, nikasema kwa watu ni cha migomba."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi.

"Kisima kina jina langu, mwanangu. Kabla yangu wanawake walikuwa wanachota kwenye madimbwi pamoja na nguruwe pori. Leo wakinipita wanapiga magoti. Niseme nimewapa sumu? Na nikinyamaza mwaka mmoja, mwaka wa pili utasemaje? Yule kijana aliinama kuchota kidogo, achukue sampuli. Akasema kesho atawaambia watu wote kwamba nilijua. Kwamba nilijua, afande. Siyo kwamba maji ni mabaya, hilo ningelivumilia. Nikamshika shingo."

"Na Saruni?"

"Saruni alikuwa ameshasema atamzika." Aliinamisha kichwa. "Toroli lilikuwepo."

Getruda alimfunga pingu kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Alimwambia kuua mtu mmoja ni siku moja, lakini wale watoto amewaua meno na mifupa kila asubuhi, akiwaangalia wanavyopita na ndoo.

Habari kwamba mzee alijua maji yanaharibu meno ilishafika pampuni kabla yao. Wakulima waliokuwa na majembe na wafugaji waliokuwa na sime walisimama pamoja, kwa mara ya kwanza wiki ile, wakilitazama gari la polisi. Saruni, aliyeachiwa kituoni baada ya Getruda kupiga simu, alikuwa bado njiani. Mzee Mhina alipitishwa katikati yao akiwa ameinua kidevu, akisubiri matusi au mawe.

Hakuna aliyemtukana. Namunyak alikuwa na mwanawe mgongoni. Alimshusha, akamsimamisha mbele ya mzee, akauinua mdomo wa juu wa mtoto kwa vidole viwili meno yaonekane. Mama wa Kizigua aliyekuwa karibu yake akaweka ndoo chini, akafanya vile vile kwa binti yake. Kisha mwingine, na mwingine.

Mzee Mhina aliomba aingizwe garini haraka. Getruda alisimama, akamwacha atazame mpaka mtoto wa mwisho.