Mfuko Mdogo wa Lenisa

Kila asubuhi, moshi ulipoanza kupenya kwenye nyasi za paa la jiko, Joylin alichukua viazi vitamu vya siku ile akashuka navyo kijitoni kuviosha. Mdogo wake Lenisa, ambaye alikuwa hajatimiza miaka minne, alimfuata nyuma, peku, tumbo mbele. Joylin alisugua viazi kwa majani na kuvipanga juu ya jiwe. Lenisa alivichukua kimoja kimoja na kuvitumbukiza ndani ya gauni lake kupitia shingoni. Walipopanda kurudi nyumbani, mtoto alikuwa amevimba kila upande na maji yanamchuruzika mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Na hili nalo limekwisha," mama yao alisema akilishika lile gauni. "Tazama shingo yake. Hata mimi napita hapa."

"Viazi vyangu," Lenisa akasema, akavikumbatia.

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, na mvua ilinyesha kila alasiri. Katika kijiji chao, kule milimani juu ya mji wa Goroka, kila mtoto mkubwa hukabidhiwa mtoto mdogo mmoja wa ukoo. Siku ya Krismasi, baada ya ibada, watu huketi kulizunguka shimo la mumu, ambamo nyama ya nguruwe, viazi na mboga huiva taratibu kwa mawe ya moto. Wakati huo wa kungoja ndipo wakubwa huwapa wadogo zawadi, mbele ya macho ya kila mtu.

Joylin alikuwa na Lenisa, kama mwaka uliopita. Na mwaka uliopita hakupenda kuukumbuka. Alikuwa amemnunulia mwanasesere wa kuimba, mwenye nywele za njano na betri mgongoni. Mwanasesere aliimba, watu wakapiga makofi. Kisha, hata shimo halijafunuliwa, akakoroma kama mzee mwenye mafua, akanyamaza. Lenisa alimtikisa, akamnywesha maji, akamlilia. Usiku huo alikataa kubebwa na dada yake. Kesho yake mwanasesere hakuonekana.

"Nimempanda," Lenisa alisema, wala hakuna aliyejua ni katika tuta lipi.

Binamu yao Maxton hakuisahau habari hiyo. "Dada Joylin," alimwita kutoka upande wa pili wa ua, "mwaka huu unatuletea marehemu gani? Niambie mapema nije na jembe."

Watu walicheka, na Joylin akacheka pia, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Hakuogopa utani wa Maxton. Aliogopa kuuona tena uso wa Lenisa ukigeuka na kumpa kisogo.

Jumamosi alikwenda mjini na Bibi Orope kuuza karanga. Zilipokwisha, alikimbia hadi duka lililo karibu na soko, akarudi anahema.

"Bibi, nimeipata zawadi. Kuna paka wa plastiki. Anatembea mwenyewe, na macho yanawaka nyekundu na kijani."

Bibi alikuwa anakunja gunia lake. "Nani anampenda huyo paka, Lenisa au wewe?"

"Lenisa, Bibi. Watoto wote wanapenda vitu vya taa."

"Watoto wote sijawauliza. Lenisa anapenda nini?"

Joylin alijua Lenisa hapendi kuoga. Zaidi ya hapo hakujua kitu, ingawa walilala mkeka mmoja.

"Duka halihami," Bibi alisema. "Kamtazame kwanza."

Basi Joylin akaanza kumtazama mdogo wake, si kwa kumchunga asiungue, bali kwa kumtazama kweli. Aliona kwamba Lenisa hakujali gari la mtoto wa jirani lililopiga honi. Alichojali ni kubeba. Alibeba viazi, mahindi, mawe ya kijitoni, na mara moja kuku mzima ambaye hakufurahia safari.

Siku moja mama alikuwa anachimba kipande cha chini cha shamba, kilichoachwa kipumzike muda mrefu. Kijiti chake cha kuchimbia kikagonga kitu. Kikatoka kichwa, cheusi kwa tope, na nyuzi chache za nywele za njano.

"Mama yangu wee," mama alisema, akarudi nyuma hatua moja.

Lenisa hakushangaa hata kidogo. "Ameamka," akasema.

Akampangusa mwanasesere kwa kiganja, akamtumbukiza ndani ya gauni. Kisha akafanya jambo ambalo Joylin alikuwa ameliona mara nyingi bila kulielewa. Aliivuta shingo ya gauni kutoka nyuma mpaka ikamkaa kwenye paji la uso, akamsukuma mwanasesere mgongoni, akainama kidogo, akapiga hatua. Mbele yake mama alikuwa ameshajitwisha bilum kurudi nyumbani, ule mfuko wa kwao wa kufuma, mkanda kwenye paji la uso, viazi mgongoni. Mama aliinama vilevile na kutembea vilevile.

Joylin alisimama katikati ya matuta, akacheka peke yake.

Soko lililofuata hakuliangalia duka. Alinunua nyuzi za sufu, nyekundu, njano na bluu, akaazima sindano ya Bibi iliyotengenezwa kwa waya wa mwavuli mbovu. Alikuwa ameshafuma pamoja na mama, lakini mfuko mzima kwa mikono yake mwenyewe hakuwahi. Ili macho ya mfuko, yaani matundu yake, yalingane, mfumaji hupitisha uzi juu ya ukanda wa jani la mkadi. Joylin alichagua ukanda mpana, macho yawe makubwa na kazi iende haraka. Akaupima mgongo wa Lenisa alipolala, kutoka begani hadi kiunoni, akafuma sawasawa na kipimo hicho, kisha akaongeza kidogo. Alijiambia kwamba ukiwa mkubwa utadumu.

Siku mbili kabla ya Krismasi ulikuwa tayari, umetulia, rangi zinang'aa. Joylin akatia viazi vinne ili aujaribu, akaweka mkanda kwenye paji la uso.

Mfuko ukanyooka. Ukanyooka tena. Ukapita kiuno chake, ukapita magoti, ukampiga kwenye mashavu ya miguu. Kwa Lenisa ungeburuzwa chini.

Maxton alikuwa mlangoni, amejikinga mvua. "Hiyo si zawadi, huo ni wavu wa kukamatia nguruwe," alisema. Kisha, alipoona dada yake hacheki, akashusha sauti. "Sikia. Jaza makaratasi. Mzigo mwepesi hauuvuti. Pale shimoni hakuna atakayejua."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake Krismasi si imeisha?"

Joylin aliuangalia mfuko. Ni kweli ungependeza siku moja, kama mwanasesere alivyoimba siku moja. Akaukunja, akaupeleka kwa Bibi, Maxton akimfuata nyuma, na kumweleza yote, pamoja na ule ukanda mpana.

Bibi aliutandaza mapajani, akauvuta huku na huku. "Umefuma vizuri. Umesahau tu kwamba mfuko hukua ukibeba. Lazima uzaliwe mfupi, tena macho yake yabane. Sasa tutafanyaje?"

"Tuufumue," Joylin alisema.

"Nusu ya juu. Ya chini itabaki, itamfaa. Wewe Maxton, usikimbie. Una mapaja au huna?"

Kwa mchana wote ule na wa kesho yake, mvua ikigonga paa, Joylin alifumua jicho kwa jicho, Bibi akakata ukanda mwembamba wa mkadi, na Maxton akasokota upya nyuzi zilizolegea kwa kuziviringisha juu ya paja lake.

"Bibi, zinaning'oa nywele."

"Zote tatu?" Bibi aliuliza. "Viringisha."

Uzi mwingi ulibaki. Joylin akautumia kufuma mkanda mrefu kupita kiasi, akaukunja na kuupiga mafundo matatu, ili kila mara mtoto atakapoongezeka kimo, fundo moja lifunguliwe.

Siku ya Krismasi shimo lilifuka mvuke, na zawadi zikaanza. Maxton alimpa mdogo wake Tobi gari lenye taa, likawaka vizuri, watu wakashangilia. Kisha Joylin akasimama. Mfuko wake haukuwaka wala haukuimba. Akauweka mbele ya Lenisa.

Lenisa aliugusa. Aliutazama mfuko wa mama, akautazama tena huo. Akaingiza mkono kwenye gauni, akamtoa mwanasesere, akamlaza ndani. Akaongeza kiazi. Tobi naye akaleta gari lake, likatiwa ndani, likawa linawaka kutoka kwenye macho ya mfuko. Joylin akamwekea mkanda kwenye paji la uso. Mfuko ukanyooka kidogo, ukafika kiunoni, ukakaa.

Lenisa akainama, akatembea kulizunguka shimo, taratibu, kama mwanamke anayetoka shambani na kazi nyingi zinamngoja nyumbani. Wanawake walipiga vigelegele. Alipomaliza mzunguko alikuja moja kwa moja kwa dada yake, akaegemea magoti yake.

Bibi Orope aliketi karibu nao. "Mwaka jana, Joylin, ulinunua kitu kilichokupendeza wewe," alisema. "Mwaka huu ulimtazama mtoto kwanza, ukajua anataka nini. Na ulipokosea hukuficha, ukafumua. Ndiyo maana anautumia leo, na ataendelea kuutumia. Wanangu, mkitaka kumpa mtoto zawadi, mjueni kwanza, halafu mfikirie na siku zake za mbele."

"Na mapaja yangu, Bibi?" Maxton akauliza.

"Na mapaja ya Maxton," Bibi alisema.

Shimo likafunuliwa, watu wakala nyama na viazi mpaka wakalegea. Hapo Lenisa akamvuta Joylin mkono, mdomo unang'aa mafuta, akamwonyesha mkanda.

"Dada, fungua fundo moja," alisema. "Nimeshakula. Nimekua."